Je, Mstari Umeanza Kupinda? Mjadala wa Baraza la Tanga

Hoja ni nyepesi kuitamka: hewa ukaa itokanayo na nishati tunayoichoma duniani imefika kileleni na sasa itaanza kushuka. Nimeisikia ikitetewa na kupingwa mara nyingi, na mara nyingi kila upande huondoka na takwimu zake bila kuzisikiliza za mwenzake. Hapa nimewakalisha watu watatu kwenye baraza moja mjini Tanga. Watu hao nimewatunga mimi, ila takwimu wanazozitaja sikuzitunga. Nimechagua Tanga kwa sababu pale Chongoleani, kwenye pwani yake, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, umbali wa kilomita 1,443. Mtu wa Tanga hawezi kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la wenzetu wa mbali.

Mjomba ni fundi mitambo mstaafu, aliyetumikia umeme wa maji kule Hale, kwenye Mto Pangani. Mpwa wake anafundisha jiografia sekondari. Mama lishe anapika ng'ambo ya barabara, na hasubiri kukaribishwa ili aseme.

MPWA: Shikamoo, Mjomba. Leo nina hoja yenye matumaini. Kati ya mwaka 2000 na 2010, hewa ukaa ya makaa ya mawe, mafuta na gesi iliongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka. Katika miaka 10 iliyofuata ongezeko limeshuka hadi chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Mstari wa mchoro uliokuwa ukipanda kama ngazi sasa unalala. Kinachofuata ni kushuka.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Unalala, sikatai. Lakini umelala wapi? Tuanze mbali. Mwaka 1900 dunia nzima ilitoa kama tani bilioni 2. Mwaka 1950, kama bilioni 6. Mwaka 1990, miaka 2 kabla ya mataifa kukutana Rio de Janeiro kutia saini mkataba wa mabadiliko ya tabianchi, zilikuwa karibu bilioni 23. Leo ni zaidi ya bilioni 37. Maana yake, tangu walipokubaliana kwa maandishi kwamba hili ni tatizo, wameongeza zaidi ya nusu ya kile walichokuta. Sasa wewe unaniambia mstari umelala nifurahi?

MPWA: Umeshawahi kushuka, Mjomba. Si jambo lisilowezekana.

MJOMBA: Nitajie lini.

MPWA: Mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kidogo baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991. Mwaka 2009. Na 2020, kwa karibu asilimia 5, kushuka kukubwa kuliko kote tangu Vita vya Pili vya Dunia.

MJOMBA: Umejijibu. Mara ya kwanza bei ya mafuta ilipanda baada ya mapinduzi ya Iran, viwanda vikafungwa, na sisi hapa tukapanga foleni za petroli. Mara ya pili viwanda vya nchi nzima vilikufa na watu wakakosa mishahara. Mara ya tatu mabenki ya Marekani yaliyumba. Mara ya nne ni Korona, ndege zimeegeshwa, watu wamefungiwa ndani. Na mwaka 2021 karibu yote yalirudi. Hakuna hata mara moja dunia nzima iliyopunguza kwa kuamua.

Hapa namuunga mkono Mjomba bila kusita. Wengi wanaochora michoro ya hewa ukaa huyaita mabonde hayo madogo "dalili njema". Kwa miaka zaidi ya 30 ya mikutano, kuanzia Rio 1992, Kyoto 1997, Copenhagen 2009 hadi Paris 2015, jumla ya dunia imeshuka pale tu watu walipopata shida. Aliyeshuhudia 2020 anajua hiyo si njia ya kumtakia mtu yeyote. Lakini Mpwa naye hajamaliza.

MPWA: Dunia nzima, sawa. Ila nchi mojamoja zimeamua. Chukua Uingereza, maana ndiyo iliyouanza mchezo huu. Mwaka 1882 walifungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe Holborn Viaduct, London. Tarehe 30 Septemba 2024 walikizima cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa bado yanawapa kama asilimia 40 ya umeme wao. Miaka 12, kutoka 40 mpaka sifuri! Hapakuwa na vita wala tauni. Walitoza kodi kwenye hewa ukaa, wakajenga mitambo ya upepo baharini, wakachoma gesi zaidi. Leo hewa ukaa inayotoka ndani ya nchi ile ni kama nusu ya ile ya 1990.

MJOMBA: Ndani ya nchi ile. Umesema vizuri. Na vyuma wanavyotumia? Nguo, simu, friji? Viwanda vilihama. Moshi uliokuwa Manchester umehamia China, halafu China wanalaumiwa kwa moshi wa bidhaa zinazouzwa London.

MPWA: Hilo wataalamu wanalihesabu. Wanachukua hewa ukaa ya kila bidhaa na kumwandikia aliyeitumia badala ya aliyeitengeneza. Ukihesabu hivyo, Uingereza imepunguza kidogo kuliko inavyojisifu, lakini imepunguza kweli. Kuhama kwa viwanda kunaeleza sehemu tu ya kushuka kule, Mjomba.

MAMA LISHE: Samahani jamani. Huyo China mnayemsema, yeye anatoa kiasi gani?

MPWA: Karibu theluthi moja ya hewa ukaa yote ya dunia, mama. Aliipita Marekani karibu mwaka 2006. Peke yake anachoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe ya dunia.

MAMA LISHE: Basi ndiye mwenye kosa.

MJOMBA: Subiri, dada. Ukihesabu tangu mwanzo wa viwanda, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote yaliyowahi kutolewa. Afrika yote, na wingi wetu huu, kama asilimia 3. Na ukigawa kwa kichwa, Mmarekani mmoja anatoa kama tani 14 kwa mwaka, Mchina kama 8. Mtanzania robo tani.

MAMA LISHE: Robo tani? Na moshi wote huu wa jikoni kwangu?

Swali hilo la mama lishe nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko wote wawili walivyolichukulia pale barazani. Wao waliendelea na habari ya mashine.

MPWA: Ninavyowafundisha wanafunzi wangu, kuna Mjapani aitwaye Yoichi Kaya aliyeipanga hesabu hii vizuri. Hewa ukaa ya nchi ni idadi ya watu, mara kipato cha kila mtu, mara nishati inayohitajika kuzalisha kipato hicho, mara hewa ukaa iliyomo kwenye nishati hiyo. Mambo 4 tu. Watu wanaongezeka, tumetoka bilioni 5.3 mwaka 1990 tukapita bilioni 8 mwaka 2022. Kipato kinaongezeka, na hakuna mwenye haki ya kumwambia maskini asipate. Yanabaki mawili. Tutumie nishati kwa ubora zaidi, na nishati yenyewe iwe safi. La kwanza dunia inalifanya kila mwaka. La pili ndilo lililokuwa limekwama kwa miaka mingi, na ndilo sasa linaloanza kusogea.

MJOMBA: La kwanza nalo lina mtego. Mwingereza William Stanley Jevons aliliandika mwaka 1865: injini za mvuke zilipoboreshwa zikala makaa machache kwa kazi ileile, nchi haikupunguza makaa, iliongeza. Kazi ikawa rahisi, basi watu wakaweka injini kila mahali. Mimi nimelishuhudia kwenye taa. Taa zinazotumia umeme kidogo zilipofika, watu walizima chache na kuwasha nyingi. Na hilo la pili, angalia historia. Makaa ya mawe hayakuziondoa kuni. Mafuta hayakuyaondoa makaa ya mawe. Gesi haikuyaondoa mafuta. Kila nishati mpya inakaa juu ya ile ya zamani. Dunia leo inachoma makaa ya mawe mengi kuliko mwaka wowote wa zama za mvuke. Hayo matumaini yako ya sola yana nini cha kufanya tofauti?

MPWA: Bei. Katika miaka 10 tangu 2010, bei ya paneli za sola ilishuka kwa karibu asilimia 90. Hakuna aina ya mafuta iliyowahi kushuka hivyo, kwa sababu mafuta yanachimbwa na paneli zinatengenezwa kiwandani, na kila ukitengeneza nyingi unajifunza kuzitengeneza kwa gharama ndogo. Mwaka 2023 China peke yake ilifunga sola ya zaidi ya megawati 200,000. Bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115. Piga hesabu mwenyewe.

MJOMBA: Nimeshapiga, na hapo mwalimu unanionea. Megawati 100 za sola hazitoi umeme sawa na megawati 100 za maji. Jua linazama, mawingu yanakuja. Ukiangalia uniti zinazotoka kwa mwaka mzima, utapata sehemu ndogo sana ya ile namba kubwa unayoniandikia.

MPWA: Kweli. Lakini hata kwa uniti, Mjomba, mwaka 2024 karibu asilimia 40 ya umeme wa dunia ulitokana na vyanzo visivyochoma kitu: maji, nyuklia, upepo, jua.

MJOMBA: Umeme. Na umeme ni kama moja ya tano tu ya nishati yote inayomfikia mtumiaji duniani. Zilizobaki ni malori, meli, ndege, tanuri za saruji na chuma, majiko. Ukichukua nishati yote kwa jumla, makaa ya mawe, mafuta na gesi bado ni kama nne ya tano. Nilipokuwa kijana kazini walituambia hivyohivyo.

Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana mjadala huu unawachosha watu. Mpwa anasoma kasi, Mjomba anasoma kiasi. Asilimia ya nishati safi inaweza kupanda kila mwaka huku tani za hewa ukaa nazo zikipanda kila mwaka, kwa sababu mahitaji yanakua haraka kuliko nishati safi inavyoweza kuyafuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya miaka 20 iliyopita. Anayetangaza ushindi kwa asilimia hadanganyi, ila anapima kitu kingine.

Na hata mstari ukilala kabisa, joto haliachi kupanda. Mama lishe ndiye aliyelieleza hili vizuri kuliko kitabu nilichowahi kusoma.

MAMA LISHE: Mimi nina daftari la deni pale dukani. Nikikopa elfu 5 kila siku, halafu nikasema sitaongeza, nitabaki kwenye elfu 5 hizohizo, mwenye duka atanipongeza? Deni linakua tu.

MPWA: Ndivyo hasa, mama. Karibu nusu ya hewa ukaa tunayotoa inanyonywa na bahari, misitu na udongo. Nyingine inabaki angani, na sehemu yake itakaa karne nyingi. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii. Alikuta chembe 315 katika kila chembe milioni za hewa. Kabla ya viwanda zilikuwa 280. Sasa zimepita 420. Daftari hilo halijawahi kurudi nyuma mwaka mmoja, hata ule wa Korona.

MJOMBA: Na kikomo cha mkopo?

MPWA: Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba kuanzia mwanzoni mwa 2020 dunia ilikuwa imebakiwa na tani bilioni 500 ili ipate nafasi ya nusu kwa nusu ya kutopita nyuzi 1.5 za ongezeko la joto. Ukijumlisha na ukataji wa misitu, tunatoa kama bilioni 40 kwa mwaka. Miaka 5 ya mwanzo pekee ilikula kama bilioni 200.

Barazani pakawa kimya kidogo, kisha Mjomba akalileta lile ambalo nilijua atalileta.

MJOMBA: Basi nisikilize, mwanangu. Deni ni la nani? Sisi tuna gesi Songo Songo, tumeichoma tangu 2004, na ndiyo iliyotuokoa mgao ulipokuwa unatuua. Mimi nimekaa Hale nikitazama maji yakipungua; najua ukame unavyoweza kuzima nchi. Tuna makaa ya mawe kule Ruvuma. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, wanunuzi wa Ulaya, walewale waliotuhubiria tuyaache ardhini, walikuja kuyatafuta kupitia Bandari ya Mtwara. Sasa limekuja bomba, na vijana wa Ulaya wanaandamana lisijengwe. Wao wamechoma miaka 200. Sisi robo tani kwa kichwa, halafu sisi ndio tuwe wa kwanza kuacha?

MPWA: Mjomba, kwa heshima zote, deni ni lao, na nitalisema mbele ya yeyote. Lakini naomba tulitazame bomba lenyewe. Linaweza kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja likishasafishwa na kuchomwa linatoa kama tani 0.4 za hewa ukaa. Hiyo ni zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka. Watanzania wote, milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, kwa robo tani kila mmoja, tunatoa kama milioni 15. Bomba moja litabeba mara mbili ya hewa ukaa ya taifa zima. Na mafuta yale hayaji kuwasha taa Korogwe. Yanapanda meli Chongoleani yanakwenda. Kwenye kampuni ya bomba, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, Uganda 15 na sisi 15.

MJOMBA: Asilimia 15 si sifuri. Ni ajira, ni ada ya kila pipa, ni bandari.

MPWA: Si sifuri. Ila ni mkataba wa miongo, na unategemea wateja ambao hivi sasa wanaunda magari ya umeme viwandani. Wenzetu Kenya walikuwa na mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe Lamu, megawati zaidi ya 1,000. Mwaka 2019 baraza lao la rufaa za mazingira lilikifutia kibali. Hawakukaa gizani. Wana jotoardhi Olkaria tangu 1981, wana upepo wa Turkana, na karibu asilimia 90 ya umeme wao hauchomi kitu. Nani kasema njia ya maendeleo lazima ipite Manchester?

MJOMBA: Kenya wana mvuke wa Bonde la Ufa.

MPWA: Na sisi tuna Rufiji, tuna upepo wa Singida, tuna jua mwaka mzima.

Sasa nirudi kwa mama lishe. Aliuliza moshi wake umehesabiwa wapi. Jibu ni kwamba haumo. Takwimu za hewa ukaa ya nishati huhesabu makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkaa wa miti huandikwa kwenye daftari la misitu na ardhi, na katika michoro inayooneshwa kwenye mikutano mikubwa haupo kabisa. Kwa hiyo nishati inayopika chakula cha Watanzania wengi, inayokata miti ya Handeni na Kilindi na kuwakohoza wanawake, haionekani kwenye mstari tunaougombania.

Ubaya zaidi uko kwenye dawa yake. Serikali imeweka mkakati kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na kwa sasa nishati safi inayowafikia wengi ni mtungi wa gesi. Gesi hiyo huagizwa nje na hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia. Mama lishe akiacha mkaa akachukua gesi, mapafu yake yanapona na msitu unapumua, ila kwenye daftari la dunia Tanzania itaonekana imeongeza hewa ukaa. Anayesoma mstari peke yake atatulaumu kwa tendo jema.

MAMA LISHE: Mtungi mdogo ninao, niliupata kwa bei ya ruzuku. Kuujaza ndiyo kazi. Gesi inataka nitoe hela yote kwa mkupuo, mkaa nanunua kopo kwa kopo. Mimi sikatai gesi, wala hilo jiko la umeme analolisifu mwalimu. Nikiweza kulipia umeme kama ninavyolipia mkaa, na usikatike mchana nikiwa na wateja, nalichukua kesho.

MJOMBA: Huyo ndiye wa kupangiwa mipango.

MPWA: Hapo hatupingani, Mjomba.

Huu ndio uamuzi wangu. Hoja ya kwamba mstari umepinda naikataa kwa leo. Kupungua kwa kasi ya kupanda si kushuka, na mpaka tupate miaka mfululizo ya tani pungufu duniani bila vita, bila tauni na bila mdororo wa uchumi, hakuna wa kudai ushindi. Lakini nakataa pia kwamba hautapinda. Uingereza na Olkaria zinaonesha kwamba nchi inaweza kuamua, na sola ya bei nafuu ni jambo ambalo Jevons hakuliona.

Kuhusu sisi, Mjomba ana haki juu ya deni, na Mpwa ana haki juu ya bomba. Haki ya maskini kutumia nishati haitimizwi kwa kusafirisha mafuta ya wengine kwa hisa 15 kati ya 100. Inatimizwa umeme unapofika kwenye jiko la ng'ambo ya barabara bila kukatika na kwa bei ya kopo la mkaa. Wajumbe wetu wanapokwenda kwenye mikutano ya tabianchi, wasiende kuomba ruhusa ya kuchoma. Waende kudai fedha za gridi, za mabwawa yanayostahimili ukame, za jotoardhi na za majiko, na wadai ziwe ruzuku. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Zilifikisha kiasi hicho mwaka 2022, miaka 2 baadaye, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo.